Dawa ya Nywele Haitaki Shujaa

Senge yangu, yaani dada wa baba, alikuwa na saluni Kitale, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na sheria yake ilikuwa moja tu. Ukiketi kwenye kiti chake upakwe dawa ya kulainisha nywele, anakufunga taulo shingoni na kukuambia, "Hapa kwangu hakuna shujaa. Ikianza kuchoma, sema." Basi walimu, manesi, wake za wakulima wa Saboti, watu wazima na heshima zao, walipiga kelele "Inachoma, mama!" bila haya hata kidogo, naye akawavuta mbio hadi kwenye karai la maji.

Mimi nilikuwa msichana wa Bumula, nimemaliza shule juzi tu, mapema miaka ya themanini. Kichwa changu kilikuwa kinajua kitana cha moto peke yake, kile cha kupashwa kwenye jiko, ambacho kila Krismasi kilinichoma sikio. Dawa nilikuwa naiona kwa wengine na kuitamani.

Agosti ya mwaka huo mdogo wangu alitahiriwa. Alisimama uani kwa baba alfajiri, mwili mzima umepakwa matope, macho yametazama mbele, ukoo wote umemzunguka, na hakupepesa. Baba alimpa ng'ombe mtamba. Nilijivunia yule kijana, nisiseme uongo, lakini tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Nikijikata kidole nikimenya viazi, atasema, "Wewe? Wewe ungekimbia mpaka Webuye!" Nikijikwaa, ati, "Lia basi, si ndiyo kazi yenu?" Aisee, alinichosha.

Desemba dada yetu mkubwa alikuwa anaolewa Bungoma mjini, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwatangulia wasichana wake kuingia kanisani. Alitaka sote tuwe na nywele zilizolala. Nikatumwa Kitale kwa senge, na mdogo wangu akanisindikiza, maana shujaa lazima atembee.

Sasa, Desemba kwetu ni mahindi. Wiki nzima kabla ya safari tulikuwa tunapiga mahindi makavu kwenye gunia kwa fimbo, makapi yanaruka, vumbi linaingia kichwani na kuwasha, nami najikuna kwa kucha na kwa mkia wa kitana mpaka raha. Senge aliponiuliza kama nimejikuna, nilisema hapana. Niliogopa atanirudisha nyumbani na nywele zangu. Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.

Akaanza kupaka. Mwanzo ilikuwa baridi, tamu kabisa, ingawa harufu yake ilinipanda puani mpaka machozi. Kisha ikawasha. Kisha ikawa pilipili. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, soda mkononi, ananiangalia. Nikakaza macho kwenye kalenda ukutani.

"Inachoma?" senge akauliza.

"Bado."

Akaenda kumfungua mteja mwingine roli za nywele. Pilipili ikawa makaa. Nilijiona niko uani kwa baba, nimesimama, ukoo umenizunguka. Yaani nilikuwa nafurahia! Nilisema moyoni, leo huyu mtoto atanyamaza.

"Inachoma?"

"Bado, senge."

Ni chozi lililoniumbua. Liliteremka lenyewe, na senge akaliona kwenye kioo. Akanivuta kama anavuta mbuzi, kichwa ndani ya karai, akimwaga maji jagi kwa jagi na kunitukana kwa Kibukusu. Nilipofungua macho niliona nywele zangu zinaelea. Nyuma ya sikio la kulia, kushuka hadi kisogoni, palikuwa pametoka ngozi na nywele pamoja, ukubwa wa kisahani cha chai.

Mteja mmoja akasema nipakwe mafuta ya kupikia. Senge akamkatalia na kunipeleka kliniki. Nesi alisafisha pole pole, akafunga, akasema dawa ile inaunguza kama moto unavyounguza, na ngozi iliyochubuka huiacha iingie ndani zaidi. Akasema pengine nywele hazitaota tena pale. Hapo ndipo nililia kwa sauti. Nililia mpaka nje ya kliniki, na si kwa maumivu. Ningetanguliaje mbele ya bibi harusi na kichwa cha bandeji?

Nyumbani nilimwambia dada nitabaki jikoni na wapishi. Alinizunguka akanitazama kisogo. Kisha akachukua mkasi, akanikata nywele zilizobaki zote fupi, akasema, "Wewe ni dada yangu, uwe na nywele usiwe nazo. Utatangulia." Akachana kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni lake, akawafunga wasichana wote vilemba, pamoja na wale waliokuwa wamelipia nywele zao vizuri. Walinuna, lakini walifunga.

Jioni kabla ya harusi nilikuwa nanyonyoa kuku. Mdogo wangu akaja akachuchumaa karibu nami, akachukua kuku mmoja. Hakutania.

"Ulikuwa unasikia uchungu?" akauliza.

"Nilikuwa nasikia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Alinyonyoa kidogo. "Dada, mimi hakuna aliyeniuliza," akasema. "Wewe uliulizwa."

Nimeishi na maneno hayo mpaka leo.

Harusi ilifana, bana. Tulicheza mpaka viatu vikatushinda, na wageni waliotoka Tongaren wakadhani vilemba ndiyo mtindo mpya wa mjini. Nywele hazikuota pale. Nimejifunza kuchana zilizobaki zikafunika, na mume wangu alinioa anajua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini binti yangu alinisumbua mwezi mzima, ati wenzake wote wamewekwa dawa. Nilimpeleka Kitale kwa senge. Alikuwa amezeeka, anakohoa, vidole vimebadilika rangi kwa kushika dawa mikono mitupu miaka mingi, na siku hizo alivaa glavu na kufungua dirisha. Akamfunga mtoto taulo, akamwambia, "Hapa kwangu hakuna shujaa." Akachota kwa kidole, akampaka pembeni mwa sikio.

"Inachoma!" mtoto akalia. "Mama, inachoma! Nitoeni!"

Saluni nzima iliangua kicheko. Senge akashika kiuno. "Mjukuu wangu, hayo ni mafuta tu ya kukinga ngozi. Dawa bado iko kwenye mkebe!"

Lakini binti yangu alikuwa ameshashuka kitini, taulo shingoni, amefika mlangoni. Nikamfuata, nywele zake zote bado ziko kichwani mwake, nikicheka huku machozi yananitoka. Nimezaa mwoga, asante Mungu.