Kichwa Changu Kwenye Filamu Yake

Mume wangu alikuwa mpiga video za harusi, tena mzuri, sikatai. Ujiji nzima walimwita kila penye ndoa, maana alijua kumsubiri bibi harusi mpaka chozi limfike shavuni ndipo asogeze kamera. Kisha siku moja akaniambia amechoka kupiga furaha za watu wengine. Alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, fupi, na mwigizaji ni mimi. Nilicheka. Nikamwambia mimi hata picha ya kitambulisho nimetoka nimefumba macho. "Ndiyo maana nakutaka wewe," akasema. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mwanamke gani hapendi kutakwa upya baada ya miaka ya ndoa?

Tulikuwa tunakaa Gungu. Kwa ajili ya filamu tukahamia Katonga, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha linalotazama ziwa, juu kidogo ya mahali wanapoanika dagaa. Tukaambiana ni kwa miezi miwili tu. Hadithi yenyewe sikuielewa wakati ule na sijui kama naielewa sasa. Ni jioni moja. Mwanamke anapakua ugali sahani mbili, anakaa, anasubiri. Nje ya dirisha kuna mwanamume anamtazama. Unaona mgongo wake tu, na mgongo huo ni wa mume wangu. Ni mumewe? Ni marehemu? Ni mwizi? Nilimuuliza. Akanijibu, "Ukijua, utaigiza." Sasa kwani kazi tuliyokuwa tunafanya ilikuwa ipi, kulima?

Shida ilianzia kwenye kitenge. Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga picha tatu akatosheka. Alirudia jambo moja wiki nzima, mara mwanga wa leo si wa jana, mara ziwa limechafuka, mara mvuke wa ugali umepanda vibaya. Na kwa kuwa yote yalitakiwa yaonekane yametokea jioni ile ile, ilinibidi niwe yule yule: kitenge kile kile cha kijani chenye maua ya njano, mistari ile ile ya nywele, mashavu yale yale. Nikienda kusuka upya, msusi anafuata picha iliyo kwenye simu ya mume wangu, mstari kwa mstari. Nikinenepa, bwana anakunja uso. Jua likinichoma sokoni, ananiuliza kwa nini sikuchukua mwavuli. Hata pazia sikuruhusiwa kulifua. Aliita mambo hayo mwendelezo, yaani picha ya leo iungane na ya mwezi uliopita, mtazamaji asishtuke. Mwendelezo ukawa mke mwenzangu, na yeye ndiye aliyekuwa bi mkubwa.

Miezi miwili ikawa mwaka, mwaka ukapita. Nisimsingizie mtu: sikufungiwa mlango. Mlango ulikuwa wazi, ziwa lote liko mbele yangu, na watu wanapanda boti kwenda vijijini mwao nikiwaona. Lakini kila nilipotaka kwenda mahali, palikuwa na sababu. Mdogo wangu alipoolewa Kasulu sikwenda, kwa kuwa ningerudi na hina mikononi, na yule mwanamke wa kwenye filamu hana hina. Nilibaki nyumbani napakua ugali usioliwa. Nilifika mahali nikijitazama kwenye kioo nakagua kama nimebadilika, kama anavyokagua yeye.

Wanawake wanaoanika dagaa waliniona kila siku na kitenge kile kile, wakanihurumia. Asubuhi moja wakaja wanne, wamejifunga vizuri kama wanaokwenda kuposa, wakakaa mkekani wakiangalia chini. Mkubwa wao akaanza kwa salamu ya Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumekuja kama mama zako. Tunaona mumeo ana mashine za watu wakubwa, lakini wewe hata nguo ya kubadilisha huna. Ndoa ni kuvumiliana, sawa, ila siyo hivi."

Wakaniwekea mapajani kitenge kipya, chekundu, bado kinanuka duka. Nilitaka kucheka nikajikuta nalia, na wao wakajua wamepatia. Mume wangu akawashukuru kwa adabu zote, akawasindikiza mpaka njiani, kisha akarudi akaniambia, "Kiweke. Utakivaa tukimaliza." Siku hiyo nilimtukana, matusi ya kiutu uzima, ya mpangilio. Aliniacha nimalize. Halafu akasema hasira ile ingefaa sana pale dirishani, kama ningeweza kuirudia kwa sauti ya chini.

Kisha mama yangu akafa. Kaka alipiga simu, hakuzunguka, akasema "Mama ametutoka," akakata. Tulisafiri kwenda Kasulu, mimi na mume wangu, na nitamtendea haki: alichimba kaburi pamoja na wanaume wa kwetu, alibeba maji, alikaa na wafiwa. Lakini kwetu siku ya kuanua matanga watoto wa marehemu hunyolewa nywele zote. Hakuna mjadala. Ndivyo unavyomwaga msiba, nawe uanze upya kama mtu mwingine. Mume wangu alilijua hilo, na siku moja kabla akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Zimebaki picha chache," akasema. "Ukinyoa sasa, tumerudi mwanzo."

"Mama yangu amekufa."

"Najua. Mimi pia nimefiwa. Lakini nywele hata wiki mbili zijazo zinanyoleka."

Kilichoniogopesha si maneno yake. Ni kwamba nilianza kuyafikiria. Nikasimama pale nikipiga hesabu ya mwanga na mistari, kama fundi wa hiyo filamu, wakati udongo wa mama haujakauka. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Akaona nimelegea, kesho yake asubuhi akaenda kwa shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye kushika wembe kwenye ukoo wetu. Alimwamkia, akachuchumaa, akaomba kwa upole kwamba mke wake asamehewe kunyolewa kwa sababu ya kazi.

Shangazi alimwitikia vizuri, akamtazama. "Mkwe," akasema, "kichwa hiki nilikipokea mimi kwa mikono hii siku kilipotoka tumboni. Wewe umekikuta kina meno tayari. Hebu tumwache mwenyewe aseme."

Kila mtu akanigeukia. Nikaenda nikakaa kwenye jamvi, nikafumua mistari mmoja mmoja kwa vidole vyangu, nikainamisha kichwa. Wembe ulikuwa wa baridi. Nililia kwa sauti, nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekishikilia tangu Katonga, na nywele zikawa zinaangukia mapajani. Mume wangu hakuwepo tena. Aliponiona nafumua, alikwenda kupanda gari kurudi Katonga. Ule upepo ulioshuka kichwani mwangu sijawahi kuusahau. Nilijua filamu imekufa, na Mungu anisamehe, kwenye msiba wa mama yangu nilijisikia nimeachiwa.

Niliporudi Katonga, bajaji ilinishusha chini nikapanda na begi langu. Mume wangu akatoka mlangoni. Alinitazama kichwa kwa muda mrefu sana, macho yakamlowa. Nikasema moyoni, sasa ama atanikumbatia ama atanifukuza, na lolote kati ya hayo ningelipokea.

"Usiingie kwanza," akasema. "Rudi nyuma kidogo, pale kwenye jua." Akaingia ndani, akatoka na kamera.

Na mimi nikarudi. Nikaweka begi chini, nikasimama kwenye jua na upara wangu na msiba wangu, nikaja mlangoni taratibu. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Filamu ilionyeshwa mjini Kigoma, ukumbini, viti vikajaa. Yule mwanamke anapakua ugali, anasubiri, anageuka dirishani, na ghafla yuko nje mlangoni hana unywele hata mmoja, analia bila sauti. Hapo inaisha. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu dada anajua kulia." Taa zilipowashwa watu wakamuuliza mume wangu maswali mengi ya heshima. Kijana mmoja mwenye miwani akataka kujua upara ule una maana gani. Mume wangu akatafakari, akasema nywele ni ndoa yenyewe, kwamba tunayempenda sana tunamnyoa bila kujua. Watu wakaguna kwa kuridhika.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Hapana. Mama yangu alikuwa amekufa."

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wa mbele, mpaka ukumbi mzima ukasimama unanipigia makofi. Mume wangu akanishika mkono, akanivuta nikae, akaninong'oneza sikioni kwa furaha ya kweli kabisa, "Hapo umemaliza. Tukienda Dar, sema hivyo hivyo."