Kijiti Chenye Alama Mbili

Gari letu lililala uani likiangalia geti. Mama hakuliingiza kwa mbele hata siku moja. Kila jioni aliligeuza barabarani, akarudi kinyumenyume, hata mvua ikinyesha na matope yakitelezesha magurudumu, ili litakapohitajika litoke bila kugeuzwa. Mji mzima wa Bunia, wenye magari walifanya hivyo miaka ile. Redio ilisema vita vimekwisha. Magari yaliendelea kulala yakiangalia njia.

Nyumbani mwetu hakuna kitu kilichoruhusiwa kubaki nusu. Madumu ya maji yalijaa mpaka shingoni. Tangi la gari lilijaa. Unga ukishuka kidogo tu kwenye gunia, mama alitafuta gunia jingine. Alikuwa amekimbia mara mbili kabla sijaanza shule, mara moja nikiwa mgongoni mwake, na mara zote mbili aliishiwa njiani: kwanza maji, halafu dawa. "Nusu haifikishi mutu," alikuwa akisema, nasi tulilisikia neno hilo kama wengine wanavyosikia sala ya jioni.

Sisi tulikuwa watatu: mama, mimi, na koko, mama yake mama. Miguu ya koko ilikuwa imekufa baada ya ugonjwa, hakuweza kusimama. Mimi na mama tungeweza kukimbia kwa miguu kama watu wote. Koko hangeweza. Kwake yeye, gari lile ndilo lilikuwa miguu, na kila nilipolitazama niliwaza jambo hilo.

Lilikuwa gari la abiria lenye umbo la yai, la Kijapani, lililoingia kwa njia ya Uganda na Mahagi. Usukani wake ulikuwa kulia, wakati kwetu tunaendesha upande huohuo wa kulia, kwa hiyo mama akiwa nyuma ya lori hakuona kitu ila lori. Mimi nilikaa kushoto na kumwangalizia. "Weye njo jicho yangu ya kushoto," aliniambia siku ya kwanza, yaani mimi ndimi jicho lake. Aliuliza, "Nipite?" nami nilijibu neno moja kati ya mawili: pita, au bado. Mimi ni mtu ambaye hata sokoni huonyesha kitu kwa kidole badala ya kukitaja. Lakini maneno hayo mawili niliyasema, kwa sababu yalikuwa mafupi na mama aliyaamini.

Kazi yangu ya pili ilikuwa chini ya boneti. Fundi aliyetuletea gari kutoka Mahagi alituonyesha, kabla hajaondoka, kifaa kidogo kinachozungushwa na mkanda, ambacho kazi yake ni kuisukumia injini hewa ili gari lipande mlima likiwa na mzigo. Sisi tulikiita kipulizo. Alisema kina mafuta yake mwenyewe, si yale ya injini, na kina kijiti chake cha kupimia, chembamba, chenye alama mbili. Mkono wa mama haukupita pale. Wangu ulipita. Nilileta daftari langu la darasa la sita, ambalo ndilo la mwisho nililonalo, nikaandika alichosema. Naandika polepole, naye alisubiri kila sentensi bila kunicheka.

"Hii kamashini iko na mafuta yake pekee," alisema. "Usikape ile ya motere. Na usikajaze. Hapa katikati ya alama mbili, unaacha. Ukipitisha, katatapika yote mu motere."

Niliandika *usijaze*, nikapiga mstari chini yake. Nalisema hili mapema ili lieleweke: nilijua.

Alituachia chupa mbili za mafuta hayo, ndogo kama za dawa ya kikohozi, akatuambia tuzitunze kwani hazipatikani Bunia. Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, nilivuta kijiti, nikakipangusa kwa kipande cha kitenge, nikakirudisha, nikakivuta tena na kusoma. Niliipenda kazi hiyo. Kijiti hakimuulizi mtu kitu.

Baada ya mwaka mmoja hivi mafuta yalibadilika, kutoka rangi ya asali hadi rangi ya kahawa, yakaanza kunuka kama mpira ulioungua. Fundi alikuwa amesema yakifikia hapo yatolewe yote, injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Maana yake, kwa asubuhi nzima, gari halitaweza kuondoka. Mama alisema tusubiri wiki itulie. Wiki haikutulia. Watu kutoka upande wa Djugu walipita mbele ya geti letu na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto waliobeba watoto, na kila walipopita mama aliahirisha.

Hatimaye alichagua Jumapili. Yeye angekwenda ibada ya kwanza na kurudi upesi. Mimi nilikwisha tayarisha vitu. Kifaa hicho hakina nati ya kumwagia mafuta chini. Yanavutwa juu, kupitia tundu la kijiti. Nilikuwa na mpira mwembamba wa serumu uliobaki siku koko alipotundikiwa dawa nyumbani, nikauosha kwa petroli. Bomba la sindano nililinunua duka la dawa, kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Muuzaji aliniuliza kama ni la ng'ombe. Niliona vigumu kueleza, nikaitikia kwa kichwa. Akanifundisha kwa muda mrefu namna ya kumtibu ng'ombe mwenye minyoo, nami nilimsikiliza mpaka mwisho.

Mafuta ya zamani yalitoka polepole, bomba baada ya bomba, nikayamwaga katika mkebe. Kisha nikatia chupa ya kwanza yote. Nikasubiri yatulie. Nikavuta kijiti: mafuta yalisimama katikati ya alama mbili, juu kidogo ya katikati. Sawasawa na daftari.

Ndipo kelele zikaanza barabarani. Mlipuko mmoja, halafu miguu mingi ikikimbia, halafu mageti yakifungwa, moja, jingine, jingine, yakikaribia. Koko aliniita kutoka ndani akiuliza ni nini. Mimi nilikuwa bado nimeshika kijiti. Nilitazama mafuta yale mazuri, ya rangi ya asali, na nilichokiona ni nusu. Sikuona kitu kingine. Mkono ukachukua chupa ya pili, ukaifungua, ukamimina mpaka mafuta yakapita alama ya juu kwa upana wa ukucha. Nikafunga, nikakimbia kwa koko, nikaanza kumvuta pamoja na godoro lake kuelekea mlangoni.

Lilikuwa tairi la lori limepasuka. Mama alirudi mbio, viatu mkononi, akatukuta mimi na koko tumekwama kizingitini, koko akicheka kwa hofu.

"Imejaa?" mama aliuliza, akionyesha gari.

"Imejaa, mama."

Akanigusa kichwa, akaenda kuwasha injini apate kuisikia. Nilisimama pale na mkebe wa mafuta machafu. Ningeweza kusema wakati huo. Nilijiambia nitasema kesho, au nitayapunguza mwenyewe akiwa hayupo. Lakini mama sasa alilikagua gari asubuhi na jioni, na kila siku iliyopita ilifanya neno kuwa kubwa zaidi mdomoni. Bomba na mpira nilivitia katika mfuko wangu wa begani, nikatembea navyo kila mahali, hata msalani.

Jumatano habari ikaja kwamba kesho yake askari wangesindikiza msafara wa magari mpaka Mahagi. Mama aliamua papo hapo: koko aende kwa mama mdogo, Mahagi, ambako mpaka uko karibu na mtu mlemavu anaweza kuvushwa hata kwa pikipiki. Msafara mwingine ungekuwa lini, hakuna aliyejua. Usiku huo sikulala. Niliwaza kuwa labda fundi alizidisha, labda ukucha mmoja si kitu.

Tulitoka Bunia asubuhi, tukiwa karibu na mbele ya msafara. Koko alilala nyuma kwenye godoro, madumu yamemzunguka kama ukuta. Njia ilipokuwa tambarare gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda mlima wa kwanza mama alikanyaga mafuta, nikasikia kipulizo kikilia, na katika kioo cha upande wangu nikaona moshi. Ulikuwa wa samawati, mzito, ukilala nyuma yetu kama mkia. Mwendesha pikipiki mmoja alitupita, ameziba pua, akapiga kelele dirishani kwa mama, "Mama, uko napika nini mu gari?"

Mama aliniuliza kuna nini. Nikatazama njia. Mbele yetu lori la mbao lilipunguza mwendo.

"Nipite?"

Njia ilikuwa wazi. Niliona mpaka juu ya mlima, hakuna hata baiskeli. Lakini kulipita lori kungetaka mama akanyage sana, na akikanyaga sana kipulizo kingetapika kilichobaki, na injini ikifa hapo mlimani, koko je?

"Bado," nilisema.

Alingoja. Teksi mbili zikatupita sisi pamoja na lori lile. Mara ya pili aliuliza, nikasema bado. Mara ya tatu pia. Alinitii kila mara, mikono yake miwili ikishika usukani, na magari yakaendelea kutupita mpaka nyuma yetu ikabaki picapu ya askari peke yake. Moshi ule wa mafuta sikuuogopa tena kama nilivyoogopa vile alivyokuwa akiniamini.

Kwenye kizuizi cha Iga Barrière msafara ulisimama kidogo kwa ukaguzi. Mama alizima injini. Harufu ikaingia ndani.

"Mama," nilisema. "Nilisema bado, na njia ilikuwa wazi."

Aligeuka. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Halafu nikamwambia yote, nikitazama magoti yangu: chupa ya pili, alama ya juu, ukucha. Nilieleza vibaya na nikarudia. Mama hakuinua sauti. Aliuliza tu, "Nani alikuambia ujaze?"

"Hakuna mutu."

"Ni weye," koko alisema kutoka nyuma ya madumu yake. "Weye njo ulimuambia. Kila siku nusu, nusu, nusu. Mutoto afanye nini?"

Mama alishuka, akaenda kuongea na askari. Niliwaona kwa mbali. Alirudi akasema msafara haumngojei mtu. Akaniuliza kama ningeweza kuyatoa mafuta hapa, nikamwonyesha mfuko wangu. Alitazama bomba na mpira. Nadhani ndipo alipoelewa kwa nini siku zile zote sikuutua mfuko ule.

Ilibidi injini ipoe kwanza. Msafara uliondoka, vumbi likashuka, nasi tukabaki kando ya soko na boneti wazi. Akina mama waliokuwa wakiuza viazi walikuja kuangalia. Nilipoingiza mpira katika tundu na kuvuta bomba, mmoja akasema, "Gari inagonjwa malaria, banaipiga sindano," wakacheka. Siku nyingine ningeacha kazi na kujificha. Siku hiyo niliendelea. Nilitoa kidogo, nikasubiri, nikapima. Nikatoa tena. Nilipofika katikati ya alama mbili nilimletea mama kijiti.

"Hii njo sawa?"

"Njo sawa."

"Ni nusu."

"Ni katikati, mama."

Akakishika yeye mwenyewe, akakiinua kwenye mwanga, akanirudishia.

Kwenda mbele peke yetu haikuwezekana. Askari wa kizuizini alimshauri mama arudi Bunia kabla jua halijapinduka, na hakuwa mtu wa kutania. Tukageuza. Moshi uliendelea kilomita chache, ukawa mwembamba, ukaisha. Kabla ya kuingia mjini tulilikuta lori limebeba magunia, likienda polepole.

"Nipite?"

Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Pita."

Hakupita mara moja. Aliinama upande wangu, akanyoosha shingo mbele ya uso wangu, akaangalia mwenyewe. Kisha akapita.

Njia ya Mahagi haikufunguka tena kwetu msimu ule. Koko alibaki Bunia, akisema hakutaka kwenda tangu mwanzo kwa sababu nyumba ya mama mdogo inanuka mbuzi. Sijui kama alisema hivyo kwa ajili yangu. Kila mlio wa usiku nilihesabu hatua kutoka godoro lake mpaka mlango wa gari. Kumi na nne.

Jumamosi sasa namletea mama kijiti jikoni bila kuitwa. Anakitazama, anaona mafuta yapo katikati, anaitikia, halafu anakwenda kuongeza maji katika madumu yaliyokwisha kujaa. Barabarani bado ananiuliza, nami najibu kwa sauti kubwa kuliko zamani. Naye bado huinama kidogo kabla ya kupita.