Sauti ya Tae-gon

Asiyemjua Jegal Seon-ok angedhani ni mtu wa papara. Hata kidogo! Miaka kumi na tisa kazini huko Seongnam, Korea, hakufuta kitu bila kukikagua mara tatu. Ndiyo maana Mkurugenzi Ma alimpa yeye kazi ya kupunguza gharama za wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni: asake kache zisizotumika, yale maghala ya muda yanayoweka nakala karibu, azing'oe.

Kampuni ilitunza sauti za marehemu, ili jamaa wazisikilize siku ya tambiko la kila mwaka. Kache moja kuukuu ilibaki na familia moja tu. Seon-ok akakagua siku mia tatu sitini na tano. Hakuna aliyeigusa.

"Dada, mwaka mzima kimya, bado unasitasita?" Ma akamtania. "Au unangoja ipige chafya?"

Akaifuta. Sauti yenyewe ya asili, je? Alishaifuta miezi mitano nyuma, kwa kuwa nayo ilionekana haiguswi. Kumbe haikuguswa kwa sababu kache ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Siku ya nane simu ikalia. Alikuwa Bibi Pyo wa Andong, mwenye miaka themanini na minne.

"Mwanangu, leo tambiko la kijana wangu Tae-gon. Nimeshapanga mapeasi mezani, nabonyeza, hasemi. Nimekosea wapi?"

Seon-ok akatazama kalenda. Mwezi mwandamo! Matambiko huhesabiwa kwa kalenda ya mwezi, ambayo kila miaka michache huongezewa mwezi mzima, na mwaka ule mwezi wa sita ulikuja mara mbili. Toka tambiko hadi tambiko zilipita siku mia tatu themanini na nne. Na Seon-ok mwenyewe humfanyia marehemu mumewe tambiko kwa hesabu hiyohiyo! Jamani, mtu wa kujua hilo si alikuwa yeye?

"Hukukosea, mama. Nimekosea mimi. Nimeifuta."

"Basi irudishe. Nitasubiri, sina haraka."

"Hairudi, mama. Nisamehe."

Bibi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Mimi siku hizi nasahau. Shika kalamu, nikwambie alivyokuwa akisema, uniandikie."

Seon-ok akashika kalamu, machozi yakimtiririka.

"Anaanza, 'Mama...'" Bibi akasita. "Anasema, 'Mama...' Halafu anasema..."

Alirudia mara nne. Kwenye karatasi ya Seon-ok kulikuwa na neno moja tu.