Mgawa ngwe wa Kwemkuyu anatafuta bao moja

Saa kumi na mbili asubuhi umande bado umelala juu ya mahindi, na Isihaka Mgaza ameshavua viatu. Anatembea na ufito wake wa kupimia, anachomeka kijiti, anasogea, anachomeka kingine. Katikati ya vijiti ndipo penye ngwe, yaani kipande cha shamba la ujamaa ambacho mtu mmoja hukilima siku hiyo mpaka akimalize.

“Hapa Athuman. Hapa Hiza,” anasema, akionyesha ngwe mbili zinazopakana. Wanaume wawili wanachukua majembe yao bila kutazamana.

Isihaka ni mgawa ngwe wa kijiji cha Kwemkuyu, bondeni Korogwe. Jioni ni mwalimu wa timu ya mpira. Kazi zote mbili hazina mshahara, na wiki hii zote mbili zinamnyima usingizi.

Msimu uliopita Kwemkuyu ilifunga mabao mawili tu, na moja kati ya hayo alijifunga beki wa wageni. Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala, alipouliza mkutanoni kwa nini udongo mweusi namna ile ukanyagwe na watu wasiojua lango liko wapi. Alitaka uwanja ulimwe pamba mvua zikianza.

Isihaka alisimama, damu imemchemka. “Tupeni mechi moja, Mzee. Tusipofunga bao, mimi mwenyewe nitaingia na ufito wangu nigawe ngwe humo uwanjani.”

Mechi hiyo ni Jumamosi, na wapinzani wanatoka Handeni. “Ulimi umemponza,” anasema mkewe, Zuena, huku akipepeta mahindi. “Alisema mbele ya kijiji kizima. Sasa atarudi nyuma vipi?”

Tumaini la Isihaka lilikuja na lori. Baada ya msimu kwisha, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walihamishiwa Kwemkuyu, wakashuka na vitanda, kuku na masufuria. Wengi walikuwa na huzuni usoni, na Isihaka anakiri kwamba yeye hakutazama nyuso.

“Nilitazama miguu,” anasema. “Nikamwona kijana anaruka na kitanda mgongoni, anatua kwa mguu wa kushoto, hayumbi. Nikasema, huyu ni wangu.”

Kijana huyo ni Hiza, mzaliwa wa Dindira, aliyejifunzia mpira kwenye mteremko. “Kule kwetu mpira ukikupita umekwenda mtoni,” anasema. “Kwa hiyo hungoji. Unaufuata hata kama uko miguuni mwa ndugu yako.” Kwenye lori hilohilo alipatikana pia Simeo, winga mwenye mbio ambaye krosi zake hutua kichwani. Usajili wa namna hii timu za mjini zingeuonea wivu.

Lakini Athuman, senta fowadi wa siku zote, ambaye ni kaka yake Zuena, hataki kumpa Hiza pasi. “Anaingia kwangu bila hodi,” ananiambia kwa ukali. “Mimi sijachoka.”

Kwa mgeni maneno hayo ni ya kitoto. Hapa Kwemkuyu yana uzito. Shambani, kuingia ngwe ya mwenzako bila ruhusa ni kumtangaza mbele za watu kwamba nguvu zimemwishia. Ukitaka kumsaidia, unasimama mpakani unamwuliza, “Nikupokee?” Akijibu, “Nipokee,” anakupisha. Akinyamaza, unakwenda zako.

Na aliyeupeleka mpaka huo uwanjani ni Isihaka mwenyewe. Miaka yote aliwafundisha washambuliaji wake kwa vijiti, kila mtu na njia yake, asivuke. “Nilidhani napanga timu,” anasema. “Kumbe nilikuwa nalimisha.”

Jumamosi Handeni wanapata bao mapema. Mzee Sadala amekaa kando ya mstari, anauchukua udongo, anauvunjavunja kwa vidole. Mara tatu Hiza anabaki peke yake mbele ya lango, na mara tatu Athuman anapiga mwenyewe, mpira unatoka nje. Hiza anapiga kelele kwa uchungu.

Wakati wa mapumziko watu wanagawanyika. Hawa wanataka Hiza atolewe, wale Athuman. Zuena anamsogelea mumewe. “Ukimtoa kaka yangu mbele ya watu wote hawa, Mgaza, leo utapika mwenyewe.”

Isihaka hamtoi mtu. Anamvuta Hiza pembeni. “Mwulize. Kama shambani.” Hiza anacheka, kisha anaona mwalimu hatanii.

Dakika zinakwenda. Jua limeshaegemea milima ya Usambara Simeo anapomtilia Athuman mpira. Mabeki wawili wanambana, mmoja amemshika fulana. Hiza anakuja mbio kutoka kushoto, anasimama ghafla, anapaza sauti.

“Kaka Athuman! Nikupokee?”

Uwanja mzima umesikia. Athuman amekunja uso, mgongo kwa lango, mpira chini ya unyayo. Nakiri nimesahau kuandika.

“Nipokee!”

Anauacha mpira palepale na kukimbilia kulia, mabeki wote wawili wakimfuata. Hiza anaingia. Mguu wa kushoto. Kipa anaruka na mpira umeshapita, umeingia kwenye mahindi nyuma ya lango. Sare ya bao moja kwa moja, na ndivyo mechi inavyokwisha. Mzee Sadala anakung’uta mikono, anasema ahadi ni ahadi, uwanja ubaki.

Wanawake wanamzunguka Hiza wakimwita kwa jina lake. Tangu afike walikuwa wakimwita “yule wa lori.”

Namkuta Athuman ameketi peke yake, goti limevimba. Isihaka anachuchumaa mbele yake.

“Shemeji,” anasema Athuman, “mwakani niweke nyuma. Nimechoka tangu mwaka juzi. Hakuna aliyeniuliza.”

Isihaka analengwa na machozi. Anamshika mkono mpaka machozi yanapita. Namwuliza mpango wake wa msimu ujao ni upi.

“Lori jingine linakuja mwezi ujao,” anasema. “Nahitaji senta fowadi. Nitakwenda kulipokea na Athuman, na atakayemchagua yeye ndiye atakayevaa fulana yake.”