Togwa Nyekundu ya Bibi

Mtama uliooteshwa ukianikwa juani hutoa harufu mbili. Siku ya kwanza hunuka udongo mbichi, na siku ya pili, mizizi yake midogo ikishakauka, hunukia utamu kama wa mkate unaotoka motoni. Hicho ndicho kimea, na bila kimea hakuna togwa, kinywaji chetu cha uji wa nafaka. Nyumbani kwetu Ngorongo harufu hiyo ilijaa uani kila mwaka Ramadhani ilipokaribia. Leo nina wajukuu, nakaa Kibiti, na bado nikiisikia kwenye soko la Ikwiriri miguu yangu husimama yenyewe, kisha moyo huniuma, kwa sababu harufu ile ina jambo langu ndani yake ambalo kwa miaka mingi sikulisema.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa jirani walikuja asubuhi kusoma Kurani barazani kwetu, na watu wazima walikuja jioni kumuuliza mambo ya dini. Ndani ya nyumba yake zilitengenezwa togwa za aina mbili. Mama alipika nyeupe, kwa chenga za mchele na kimea cha mtama mweupe. Bibi, mama mzazi wa baba, alipika nyekundu, kwa mtama mwekundu aliopanda mwenyewe juu ya bonde, mahali ambapo maji ya mto hayakufika. Nyeupe ilikuwa laini na nyepesi, ikiteremka kooni bila kukushughulisha. Nyekundu ilikuwa nzito zaidi, na baada ya utamu wake kulikuwa na ukali kidogo uliobaki pembeni mwa ulimi. Tulizijua kama tunavyowajua watu. Siku ya kambale wa kuchemsha tulitaka nyeupe, na siku ya mihogo na kunde tulitaka nyekundu. Baba alipewa kikombe cha kila moja, akinywa hii na kurudia ile, uso umekazana kama kadhi anayesikiliza mashahidi, na mwisho wake alisema, "Alhamdulillahi, zote nzuri," nao wanawake wawili wakamcheka.

"Nyeupe yako, mwanangu, ni maji ya kuoshea mchele," Bibi alimwambia Mama.

"Na yako, mama, wanywaji waitazame vizuri, isije ikawa na samaki ndani," Mama alijibu, kwa maana rangi yake ilifanana na mto wakati wa mafuriko.

Walitaniana hivyo kila siku na sikumbuki hata mmoja kukasirika. Lakini mimi niliuchukulia mchezo ule kwa uzito. Nilikuwa na miaka tisa, nami nilikuwa upande wa Bibi. Nilikuwa mjukuu wake wa kike wa kwanza, akiniita mke mwenzangu kama bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao, na ndiye aliyeniingiza katika kazi yake. Nilimwagilia mtama ukiota, nilipepeta kimea, nilikoroga uji ukipoa mpaka uwe vuguvugu, maana kimea kikitiwa kwenye uji wa moto kinakufa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha mtungi. Bibi alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: togwa hunywewa siku mbili tu. Ya tatu humwagwa mgombani, na mtungi huoshwa kwa maji ya moto mara tatu, hata kama ndani yake kumebaki tone. Baba alitufundisha chuoni sababu yake. Kinywaji cha nafaka ni halali kingali kitamu. Kikianza kutoa povu chenyewe pasipo mtu kukikoroga, kimeshaelekea kwenye kulevya, na hapo Mwislamu hukiacha.

Ramadhani ya mwaka ule Baba alipata habari kwamba shehe mmoja mzee, aliyekuwa mwalimu wake zamani, angepita kwetu na kufuturu nasi. Nyumba nzima ilifagiliwa upya. Siku tatu kabla ya mgeni kufika, Bibi alinipa mtungi uliokuwa na masalio ya siku ya pili, akaniambia nikaumwage na kuuosha, ukae mtupu mpaka siku ya mgeni. Nilikwenda nao nyuma ya jiko. Nilipouinamisha, nikaona machicha mazito mekundu chini kabisa, na jioni iliyopita watu wote walisema togwa ile ilikuwa tamu kuliko zote za mwezi ule. Nikafikiri kwa akili ya kitoto kwamba utamu wake umejikusanya pale chini. Nikifanya kama nilivyoagizwa nitautupa. Nikiuacha, togwa ya mgeni itazaliwa na utamu mara mbili, na mbele ya shehe nyekundu itaishinda nyeupe. Niliacha kiasi cha vidole vitatu, nikaufuta mtungi kwa nje, nikaurudisha karibu na mafiga, mahali pake, penye joto.

Mwezi mwingine kosa langu lisingefika mbali. Bibi asingepika kitu bila kuchovya kidole na kuonja. Lakini tulikuwa tumefunga, yeye na mimi pia, na ndani ya mtungi mlikuwa na giza. Siku ya mgeni, baada ya sala ya alfajiri, aliniuliza, "Mke mwenzangu, mtungi umeoshwa?" Nikasema, "Umeoshwa, Bibi." Aliniamini, akamimina uji wake mpya, akatia kimea, akafunika kwa jani la mgomba.

Magharibi ilipoingia wanaume walifungua kwa tende na maji, wakasali, wakarudi mkekani. Mimi ndiye niliyebeba vikombe. Shehe alikunywa nyeupe, akaisifu. Kisha akainua nyekundu. Ilikuwa na povu pembezoni, jembamba, nami nililiona na kulifurahia nikidhani ni la kukorogwa tu, dalili ya utamu. Mzee yule alikileta kikombe puani, akakaa nacho kidogo, akakiweka chini bila kukigusa na midomo. Hakusema neno la ukali. Alimtazama Baba tu, akasema, "Mwanangu, hii imepita." Majirani wawili waliokuwa wameshakunywa walivitua vikombe vyao kwa haraka. Baba aliinuka, akaingia jikoni, akauchukua mtungi na kuumwaga uani, mbele ya watu wote. Sijapata tena kuuona uso wake vile.

Asubuhi alimuuliza mama yake. Nilikuwa nimesimama karibu na kinu, na Bibi alinitupia jicho mara moja, kwa muda mfupi sana, kabla hajajibu.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Macho haya hayaoni tena ndani ya mtungi. Nisamehe, nimekuaibisha kwa mwalimu wako."

Baba alimsamehe palepale, na kwa heshima na huruma akaamua kwamba mama yake amezeeka vya kutosha na asisumbuliwe tena na jiko. Mama alipokea mwiko kwa unyenyekevu, akimwambia, "Kaa, mama, upumzike, sisi tupo." Walifikiri wanampumzisha. Bibi alikaa mlangoni akichambua mchele, na mara nyingine niliona Mama akiuchambua upya baadaye, kwa siri, kwa vile nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuamini kwamba haoni. Hakuna aliyemwomba tena togwa. Msimu uliofuata hakupanda mtama mwekundu. Alisema hana wa kumpikia.

Siku moja tulikuwa wawili tu, akinisuka nywele, akaniuliza, "Mke mwenzangu, una neno unataka kuniambia?" Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu, vikingoja. Nikasema, "Sina, Bibi." Akaendelea kusuka. Mistari ilikuwa imenyooka na myembamba kama uzi, kazi ya mtu anayeona vizuri kabisa, na mimi niliyejua hivyo nilinyamaza. Hakumaliza miaka miwili baada ya hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nilimwambia Baba nikiwa mtu mzima, nimeshazaa watoto watatu, naye ameshakuwa mzee wa fimbo. Nilidhani atanikemea. Aliitoa kofia yake, akaipangusa, akasema, "Kumbe nilimvua mama yangu kazi yake, naye hana kosa." Tangu siku hiyo nilibeba huzuni mbili, yangu na yake.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Kibiti togwa inauzwa barabarani kwenye chupa za plastiki, imepozwa kwa barafu, na friji inaifanya ikae siku nyingi bila kutoa povu. Nashukuru, maana kiu ya mfungaji inapata dawa bila mtu kutwanga tangu alfajiri. Wajukuu wangu hawaulizi kama ni nyeupe au nyekundu, wanauliza kama ni ya baridi. Mkwe wangu naye ameanza kuniambia, "Mama, acha, kaa upumzike," na ninajua anasema kwa mapenzi. Dini niliyosomeshwa na baba yangu inafundisha kwamba dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake huombewa msamaha saa yoyote, lakini haki ya mja, binadamu mwenzako, huombwa radhi kwa mja mwenyewe. Mja wangu alinipa nafasi, mikono yake ikiwa kichwani mwangu, nami sikuitumia. Kilichobaki ni sadaka. Kila Ramadhani natafuta mtama mwekundu, napika mtungi mmoja, naupeleka msikitini kwa nia yake. Wako wanaosema togwa ni kali, na wako wanaoomba kikombe cha pili. Wakiniuliza nilijifunza wapi, nawaambia kwa bibi yangu wa Ngorongo, na kabla hawajaniuliza lingine nawaambia kwamba macho yake yalikuwa mazima mpaka siku aliyokufa.