Vichwa vya Ming'oko

Asubuhi moja, Majimaji ilipokwisha kuzimwa, nilitoka Masasi bila kujua ninakokwenda. Tulikuwa tumemzika mama, aliyekufa kwa njaa. Askari wa Wajerumani walichoma ghala letu la mtama tulilolificha porini, upande wa Nanganga. Hawakulifikia kwa kubahatisha. Walionyeshwa na jirani yetu, mtu aliyekula kwetu mara nyingi, kisha akatoweka.

Shuleni kwa wamisheni mwalimu alisema Mungu hulisha hata ndege. Niliacha shule kabla sijamuuliza mbona mwaka ule walionenepa ni tumbusi peke yao.

Nilipanda mlima kuelekea Newala nikichimba ming'oko, vile viazi vya porini vilivyotuponya sisi tuliobaki. Mama alinifundisha kula kiazi na kukirudisha kichwa chake shimoni, nikifukie, ili mwakani Mungu apate pa kuanzia. Lakini nilipokaribia Mkunya nilikuta mashimo wazi, matupu, kama yamefukuliwa na nguruwe.

Mkunya watu walikuwa barazani wakilalamika. Dunia imezeeka, walisema, hata ming'oko inakwisha. Mmoja alipaza sauti kuliko wote kwamba Mungu ametupa kisogo. Sauti ile niliijua kabla sijaona uso. Ni jirani yetu, na kikapu chake miguuni.

Naye akanitambua. "Hunisalimu, mwanangu?"

Sikumpa shikamoo. Nilikipindua kikapu chake, vichwa vya ming'oko vikamwagika mbele ya wote.

"Dunia haijazeeka," nikawaambia. "Huyu anakula mbegu yenu. Kwetu aliwapeleka askari ghalani, mama akafa kwa njaa. Mungu hakushika kile kijinga cha moto."

Alisema askari walimchapa viboko, angefanyaje. Huenda ni kweli. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Watu walisogea mbali naye kwenye mkeka, mmoja mmoja, nami nilifurahi.

Mama mmoja mtu mzima aliviokota vile vichwa akavifunga katika pindo la nguo yake ili akavifukie. Kisha akaniuliza nitalala wapi. Nilipomwambia sina pa kulala, akasema kwake kuna kitanda, na maji ya kunawa yamepandishwa leo kutoka bondeni.

"Mlango wako unatazama wapi, mama?"

Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya mkabala, alimohamia yule jirani yetu.

Nikamfuata na mzigo wangu. Kila jirani yule atakapofungua mlango wake, atanikuta nimekaa.