Maana ya Ausi

Ausi alikuwa anakata ufuta shambani kwake Mbwemkuru simu ilipolia. Aliyepiga ni binti yake Rabia, aliyeolewa Naipingo, upande wa Nachingwea.

"Baba, nimejifungua salama. Wa kiume. Tunampa jina lako."

Mzee wa miaka sitini na mbili, magoti mabovu, alikimbia shamba zima akamweleza jirani wa kulia, akakimbia kwa wa kushoto, kisha akarudi kumweleza tena yule wa kulia. Alikuwa na wajukuu tisa na hakuna aliyewahi kurithi jina lake.

Mchana Rabia akapiga tena. Mama mkwe wake, aliyeitwa Binti, alitaka kujua jina hilo lina maana gani. Ijumaa ilikuwa siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, na yeye hakutaka mjukuu aitwe tu ilimradi aitwe.

Ausi akaahidi kuuliza. Ameliitikia jina hilo maisha yake yote, na hajawahi kujiuliza lina nini ndani.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wa madrasa.

"Ni la Kiarabu," mwalimu alisema. "Wengi husema maana yake ni zawadi."

Ausi akainuka, furaha imemjaa, anatafuta viatu.

"Ngoja, mzee wangu. Wapo pia wanaosema ni mbwa mwitu."

Ausi aliketi tena mkekani akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na mwalimu aliyekuwa amejikaza naye akashindwa.

Kutoka hapo alipanda bodaboda hadi Chunyu kwa mama yake, Mwanabibi, mwanamke wa miaka themanini na ushee. Alimkuta anapukuchua mbaazi. Alipomuuliza maana ya jina lake, mama alimjibu kwa Kimwera, Kiswahili akikichomeka pale alipopenda.

"Maana siijui. Nilikuita jina la mtu."

"Babu yetu?"

"Muuza samaki wakavu."

Akamsimulia. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake, wakunga wamechoka, mtoto hataki kutoka. Nje akapita mchuuzi aitwaye Ausi, akaegesha baiskeli na kuweka tenga lake chini. Mbuzi akaingiza kichwa ndani ya tenga, kikakwama, akatimua mbio nalo. Mchuuzi akamfuata, wakaizunguka nyumba, naye akimbembeleza mbuzi kama anayezungumza na bwana shauri wa serikali: "Mheshimiwa, nakuomba, simama tuelewane."

"Nikacheka," alisema Mwanabibi. "Nikacheka kwa nguvu, nawe ukatoka."

"Na baba alikubali?"

"Alitaka jina la babu yake. Nikamwambia, babu yako tumemwita siku mbili hakusaidia kitu."

Ijumaa Mwanabibi alikataa kubaki nyumbani. Walifika Naipingo wote wawili, vumbi hadi kwenye kope. Binti aliwapokea kwa heshima zote, ila uso wake ulikuwa mgumu.

"Haya, mkwe. Tueleze."

Ausi alisimama. Njia nzima alikuwa amejipanga kusema zawadi tu, kisha akae.

"Maana yake ni zawadi," alisema.

"Mwambie na mbuzi," alisema mama yake.

Basi akaeleza yote, mbwa mwitu, tenga, mheshimiwa. Watu mkekani wakaanza kuegemeana. Binti alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Alisimama huyo mbuzi?" akauliza.

"Hakusimama, mkwe," alisema Mwanabibi. "Tenga tulilipata kesho yake."

Binti alifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na ilibidi aletewe maji. Alipopata pumzi alimwambia mwalimu wa pale aliyekuja kusoma dua, "Mwandike Ausi. Na usome haraka, huyu mzee ataanguka."

Kweli Ausi alikuwa anayumba kwa furaha. Pilau ilipoletwa alikataa kukaa. Alimchukua mjukuu, akapita naye kwa kila mgeni, mmoja mmoja, akiwaambia, "Mimi Ausi, huyu naye Ausi," huku Rabia akimfuata nyuma na nguo ya mtoto mkononi, akimsihi ampe, amnyonyeshe.